Kesho Sitakupaka

Zena mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi hali yako nimeiona leo mchana jikoni. Ulifunua sufuria ya maji ya dagaa ukainama kuonja, mvuke ukakupanda usoni, na fandesheni ikaanza kuteremka shavuni. Chini yake, kuanzia kwenye taya la kushoto mpaka karibu na sikio, pamevilia damu. Nikakuuliza. Ukasema, "Nimejigonga na mlango wa gari la Hashimu, Mama, tulipokwenda Ruangwa kupima mapazia." Nikasema pole, ukageukia mayai yako.

Mlango wa gari hauna vidole. Mimi nimeona vidole.

Naandika haraka alasiri hii, wakati wenzako wamekupeleka kwa mama yako mdogo kupakwa hina. Nyumba imejaa wanawake wanaochambua mchele na kuimba, na nikifungua mdomo leo nitapiga ukunga mpaka Nambambo wasikie. Kesho adhuhuri ndoa inafungwa hapa, jioni Hashimu anakuchukua kwenda kwake Ruangwa. Kabla ya hapo kuna mambo nataka uyajue, na kwa mdomo nitayaharibu. Nina hasira, Zena. Tangu mchana nimeshika mchi zaidi ya mara moja, na sikuwa na cha kutwanga.

Sitakuambia saa ya kuamka wala namna ya kuishi na mawifi. Hayo watakuambia hao wanaoimba.

Watu wa Naipingo wanatucheka, unajua. Wanasema nyumba ya Mama Zena ni saluni, ni sinema, ni hoteli ya Wajapani. Wanasema kweli. Nani mwingine hapa anakula matonge ya wali yaliyonyunyiziwa ufuta wa kukaanga na chumvi, huku analilia filamu ya mapenzi kwenye simu, wanja umemwagika mpaka kidevuni? Siku ile bibi yako mdogo alipotukuta sote wawili tunalia kwa sababu kijana wa kwenye filamu amekosa ndege, alidhani tumefiwa. Akaanza na yeye kulia. Nazipenda siku hizo kuliko siku nyingine zote za maisha yangu. Lakini hujawahi kuniuliza mambo haya niliyapatia wapi. Na mimi, kwa ujanja wangu, sikukuambia.

Filamu ndizo za kwanza. Nilipokuwa msichana kulikuwa na banda la video Nachingwea mjini, viti vya mbao na shuka jeusi mlangoni, na jamaa wa kutafsiri anayefanya sauti zote, ya mwanamume na ya mwanamke. Nilikuwa natoroka kwenda huko na rafiki zangu siku za mnada. Katika filamu zile mwanamume anamshika msichana mkono, anamvuta, anambana ukutani. Msichana anampiga ngumi za kifuani, halafu muziki unaanza. Sisi tulikuwa tunapiga vigelegele hapo. Hakuna aliyesema yule binti anaumia. Nikatoka na elimu moja kichwani: mwanamume asiyekushika kwa nguvu hakupendi.

Na elimu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwisho wa filamu bwana harusi anamchukua mkewe wanakwenda mbali, gari linapotea kwenye vumbi. Sasa wewe unajua kwetu ilivyo. Ukoo unafuata kwa mama, na wazee wetu hawakuwa wakimtoa binti. Mume ndiye aliyekuja kujenga kwa kina mke, akalima, akatazamwa. Alipokuja baba yako kuniposa, na pikipiki yake ya kununulia ufuta vijijini, mjomba Selemani alisema neno moja tu: "Aje ajenge hapa. Shamba lipo. Kama anakutaka kweli, atakuja."

Baba yako akakubali! Hilo hujawahi kulisikia. Alikubali, akaonyeshwa hadi mahali pa kuchimba msingi. Mimi ndiye niliyekataa. Nikalia, nikasusa kula, nikamwambia mjomba zama zimebadilika. Mwanamume gani wa sinema anahamia kwa mama mkwe? Nilitaka gari lipotee kwenye vumbi. Kwa kuwa gari halikuwepo nikapanda pikipiki, khanga mpya, mdomo mwekundu, tukaenda kwao Matambarale. Vumbi lilikuwepo la kutosha.

Wiki haijaisha, nikapaka rangi ya mdomo kwenda kisimani. Nilikuwa bibi harusi, nani angenikataza? Aliniona njiani narudi. Tulipoingia ndani akafunga mlango kwa komeo, akachukua gunia tupu la ufuta akanifuta mdomo. Alifuta mpaka rangi ikaisha, akaendelea kufuta. Zile nyuzi za gunia ni kama meno. Damu ilipoanza kutoka akasema, "Ona, haitoki. Umejipaka nini wewe?" akaongeza nguvu. Nikala uji wa baridi kwa siku kadhaa, kwa kijiko, ukingoni mwa mdomo.

Jioni ile ile alitoka na pikipiki mpaka Ruangwa mjini, akarudi na rangi mpya ya mdomo kwenye kijiboksi cha dhahabu. Akapiga magoti. Akalia machozi ya kweli, Zena, si ya kuigiza. Na mimi na mdomo wangu uliochubuka nikasikia muziki unaanza.

Unanielewa? Sikuogopa. Nilifurahi. Nilijiambia, haya ndiyo yale.

Tangu siku ile kila kipigo kilikuja na zawadi yake. Kofi la kwanza la uso lilileta poda. Siku aliyonigonga kichwa kwenye mwimo wa mlango nikapata seti nzima yenye brashi na kioo. Wanawake wa Matambarale walikuwa wananionea wivu kwa ninavyopendwa. Na hivyo vitu vya kuombea radhi ndivyo nilivyovitumia kuficha alichoombea radhi. Nilijifunza kuwa jicho lililovilia damu halifunikwi kwa poda nyeupe, linakuwa jivu. Lazima kwanza upake rangi ya machungwa chini. Nilijifunza kuanza pembezoni mwa uvimbe na kuingia ndani kwa kugonga-gonga na kidole, si kwa kufuta. Watu wa Nachingwea nzima wanaoniletea mabinti zao niwapake wananiuliza nilisomea wapi. Nimekuwa nikiwaambia nilisomea Ruangwa. Sikudanganya.

Na nikakufundisha na wewe. Leo nilipoona rangi ya machungwa chini ya fandesheni yako, nililitambua somo langu.

Sasa nikwambie kosa langu kubwa. Lilifika siku nikachoka. Alinipiga teke la mbavu nikiwa nimekubeba mgongoni, nikaanguka kifudifudi ili nisikulalie. Nikatuma salamu kwa mjomba Selemani, naye akaja Matambarale na mzee mwenzake. Wazee wa upande wa baba yako wakaitwa, mkeka ukatandikwa, kikao kikakaa. Mimi nikaambiwa niingie nieleze.

Unajua nilifanya nini kabla ya kuingia? Nilijipaka. Si kwamba nilitaka kuficha. Mkono ulishazoea, ukisikia wageni unakwenda wenyewe kwenye kisanduku. Jicho la kulia lilikuwa limefunga nusu, na nililipaka nikalifungua kwa wanja, nikajitazama kwenye kioo nikaridhika. Nikaingia nikakaa.

Mzee mmoja wa upande wa baba yako akanitazama, akacheka kweli. "Huyu ndiye aliyepigwa? Mbona anang'aa kama anakwenda ngomani?"

Wote wakacheka. Baba yako alicheka kidogo, kwa adabu.

Nikasema, "Mjomba, nimepigwa. Hapa, na hapa."

Mjomba akanikagua uso. Alikuwa mtu mzuri, na alinipenda. Akasema, "Mpwa wangu, mimi nimezika watu, nimeona waliopigwa. Mwanamke aliyepigwa hana moyo wa kukaa na kioo. Wewe una hasira za ujana. Rudi ndani kwako mkazungumze."

Pale kwenye mkeka, mbele ya goti langu, lilikuwepo birika la maji ya kunawia na beseni lake. Wazee walikuwa wametoka kula. Ningenyoosha mkono tu. Kiganja kimoja cha maji kingemaliza kesi. Na nilifikiria hilo, Zena, nisikufiche. Nililitazama lile birika. Lakini niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi: nilijivunia kazi yangu. Jicho lilikuwa limetoka vizuri mno. Sikutaka kuliharibu.

Mjomba akaondoka. Usiku wa siku ile sitaki kuuandika.

Mwalimu Naoko ndiye aliyefuata. Huyo unamjua kwa jina, Mjapani aliyekuwa anafundisha hesabu sekondari na kupanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu. Yeye ndiye aliyetufundisha vyakula hivi. Alikuja kwangu kuomba mkaa, akaona dagaa wakavu nimewaanika, akaruka kwa furaha kama mtu aliyemwona ndugu yake. Kumbe kwao maji yaliyochemshwa dagaa ndiyo mwanzo wa mchuzi. Wanakijiji walisema Mzungu mfupi amechanganyikiwa, anatupa dagaa anakunywa maji. Mimi nilionja nikaomba tena. Akanionyesha kufinyanga wali kwa mikono yenye chumvi, akanionyesha kukunja yai, tabaka juu ya tabaka, kwenye kikaango chake cha pembe nne. Tulikaa jikoni kwake kila mchana, Kiswahili chake cha darasani na kicheko changu.

Siku moja nikainamia sufuria yake. Mvuke ukanipanda. Akanitazama, akaweka mwiko chini.

"Mama Zena," akasema, "poda inakimbia."

Nikaweka mkono shavuni. Alilowesha kitambaa akanifuta uso wote taratibu, mpaka hakikubaki kitu, halafu akaniletea kioo. Nilikuwa sijajiona bila rangi muda mrefu. Nilimwona mwanamke mzee, upande mmoja mweusi na upande mmoja wa njano. Naoko alisema, "Huyu ni wewe. Mjue." Kisha akarudi kukunja yai, kwa sababu lilikuwa linaungua.

Alinipa kile kikaango nikafanyie mazoezi nyumbani.

Na hapa ndipo kovu lako linapoingia. Hilo la paja, linaloshuka mpaka gotini. Nimekuambia maisha yako yote kwamba ulivuta kikombe cha chai mezani. Si kweli. Baba yako alirudi mchana, akanikuta nimechemsha maji ya dagaa jikoni, wewe umekaa kwenye kigoda karibu yangu, hujaanza hata kusema vizuri. Aliuliza ni nini hiki. Nikamwambia ni chakula cha kina Naoko. Akasema mke wake hatalisha mwanawe maji ya paka, akaipiga sufuria teke.

Ilikuwa inachemka, mwanangu. Yote ilikumwagikia. Ulifungua mdomo na sauti haikutoka, haikutoka, mpaka nikadhani umekufa, halafu ikatoka. Nilipokuvua kigauni ngozi ilikuja na nguo.

Na yeye alikuwa amesimama. Akasema, "Ona ulichomfanya mtoto."

Kikaango kilikuwa kando ya jiko, nikakinyakua. Nilimpiga nacho hapa sikioni, upande wa kulia, kwa mikono miwili, jinsi tunavyopiga masuke ya mtama. Akaenda chini. Akataka kuinuka, nikampiga tena, nikasikia kitu kinavunjika, sikujua kama ni yeye au ni kikaango. Damu ilitoka ndani ya sikio ikapita shingoni. Nilitaka kumpiga ya tatu na ningempiga, ila wewe ulikuwa unalia, nikakubeba nikakimbia kwa Naoko. Yeye ndiye aliyetafuta pikipiki ya kutupeleka hospitali.

Nikisema sijivunii pigo la kwanza nitakuwa mwongo. La pili ninaliota. Nilikuwa karibu kuwa muuaji, na wewe ungekua bila mama kwa sababu mama yako alisubiri mpaka kikaango kiwe ndiyo kauli yake. Mwenye kauli mapema hahitaji kikaango.

Ndiyo maana kile kikaango kona moja imebonyea. Umenilalamikia miaka yote kwamba yai linachanika upande ule. Nilikuambia kilianguka.

Nilirudi hapa Naipingo na wewe ukiwa na bandeji, uso wangu haujaoshwa wala kupakwa. Mjomba Selemani alikuwa anapukuchua mahindi. Aliponiona alisimama, punje zikamwagika, akasema, "Kumbe ilikuwa kweli."

Nikamwambia, "Ilikuwa kweli na siku ile, Mjomba."

Akakaa chini akalia. Kesho yake akaanza kunichimbia msingi wa nyumba hii, mahali pale pale alipokuwa amemwonyesha baba yako.

Kisha nikaharibu tena. Nikaamua usimchukie baba yako. Nikakuambia tuliachana kwa sababu ya safari zake, nikakuambia ni mcheshi, nikakuacha ukae naye likizo alipotulia na kuoa kwingine. Nilikupaka uso wa baba yako, Zena, nikaupaka vizuri kama ninavyopaka bibi harusi. Ukakua hujui mkono unaopiga unafananaje kabla haujapiga. Na wanawake waliokuja kwangu kupakwa, wangapi nimegusa shavu nikajua, nikanyamaza, nikaongeza rangi ya machungwa? Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nimekuwa fundi wa kuwafichia watu maradhi.

Lile boksi kubwa la mekapu alilokuletea Hashimu wiki iliyopita, lenye kioo na taa, nilipoliona nilisema kijana anajua kupenda. Ulicheka, lakini hukunitazama. Sasa najua lilikuja baada ya nini. Na najua pigo hili la taya si la kwanza, maana la kwanza mtu hajui kulificha vizuri hivi.

Sikwambii uache vitu hivi. Poda haina kosa. Filamu nitaendelea kuzililia mpaka nife, na yule kijana aliyekosa ndege bado naamini atampata. Kunywa maji yako ya dagaa, na Mungu akupe mwanamume atakayeyanywa au atakayesema tu kwamba hayapendi.

Baba yako anafika kesho asubuhi kukuozesha. Mjomba Selemani naye atabebwa aje akae mkekani. Mchele umeshachambuliwa na mbuzi wamefungwa nyuma kwenye mkorosho. Wasikutishe hao. Pilau halijali nani kaolewa na nani hakuolewa. Litaliwa na watashukuru. Nyumba hii ni yako, msingi wake ulichimbwa kwa ajili yako.

Lakini kesho sitakupaka. Wanawake watauliza, nitawaambia mkono unaniuma. Nitaweka kiti chako pale dirishani, na kwenye meza nitaweka beseni la maji na kitambaa. Kisanduku changu nitakiacha wazi pembeni. Ukitaka kujipaka mwenyewe unaweza, unaweza kuliko mimi. Sitakupokonya brashi. Mimi nimepokonywa vya kutosha, najua haisaidii. Ila ukinawa, nitakufungulia mlango, utoke hivyo hivyo ukakae mbele yao wote, na mimi nitakaa karibu yako.

Na usiponawa, bado sheikh atakuja mlangoni na baba yako, watakuuliza kama umeridhia. Hapo hakuna rangi, kuna sauti yako tu. Baba yako atasimama mbele kwa sababu ni haki yake. Kama ni ndiyo, sema unavyotaka, hata kwa kunong'ona, sheikh atasikia.

Kama ni hapana, mwanangu, usinong'one. Sema kwa nguvu, useme mara mbili, au zunguka upande wa kushoto. Sikio la kulia la baba yako halisikii, na sasa unajua kwa nini.

Mama yako